Fundi Nakuja na Kidude cha Miadi

Palikuwa na fundi bomba mmoja aliyeitwa Nakuja. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Ukimpigia simu kwamba sinki linavuja, alijibu, "Nakuja!" Ukimpigia tena, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, alijibu vilevile, "Nakuja, nakuja!"

Hakuwa mwongo wala mvivu. Alikuwa msahaulifu. Miadi yake yote aliiandika kwa kalamu mkononi. Alianzia kwenye kiganja, akapanda mpaka kwenye kiwiko. Siku za kazi nyingi mkono huo ulijaa maandishi hivi kwamba inzi akitua pale alipotea njia, akazunguka mpaka Jumapili.

Sasa fikiri mwenyewe. Kazi ya mtu ni maji, naye anaandika mkononi! Akifungua bomba la kwanza asubuhi, miadi ya mchana yote inakwenda na maji.

Ndivyo alivyosahau miadi ya macho ya bibi yake.

Bibi huyo ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliona ukungu tu. Kila asubuhi alilisalimia kabati. Kabati lisipoitikia, alilalamika kwamba watu wa siku hizi hawana adabu.

Daktari wa kupasua macho alifika mara chache katika hospitali yao. Siku ya kwanza aliyopangiwa bibi, Nakuja na gari lake hawakuonekana. Alikuwa chini ya sinki la mtu, akipiga mluzi.

Muuguzi alimwambia mke wa fundi waziwazi, "Tumempangia tena Alhamisi, saa tatu asubuhi. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Daktari akishaondoka, sijui atarudi lini."

Mke alifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Hakuweza kumpeleka bibi, wala kumsimamia mume. Alichoka, akachoka tena. Mwishowe akaja na kidude kidogo cha kutosha kiganjani. Kilikuwa na kioo, vitufe, na kijikalamu chembamba cha kubonyezea. Alikinunua kwa mtu aliyekuwa akihama.

"Hiki ni cha kupangia ratiba," alisema. "Unaandika shughuli, siku na saa. Wakati ukifika, kinapiga kengele."

"Haya, lete."

"Soma maelezo kwanza, baba watoto."

"Maelezo? Mimi nilifunga mabomba ya ghorofa nzima bila kusoma karatasi!"

"Ndiyo. Na ghorofa nzima ikavuja."

Bibi alicheka kutoka kwenye kiti chake, akamtania mjukuu wake. "Mume wangu, soma. Ningekusomea mimi, ila sioni hata hiyo karatasi iko upande gani."

Nakuja hakusoma. Aliandika: Jumanne, saa 3, sinki la kliniki ya meno. Kisha: Alhamisi, saa 3, macho ya bibi. Akakitia kidude mfukoni, akatembea kwa maringo.

Jumanne kengele ililia kabla jogoo hajafikiria hata kuamka. Ililia kwa nguvu mpaka mbwa wa mtaa wa tatu wakadhani wanaitwa. Kulipokucha, nyumba nzima ilikuwa imenuna.

"Kibovu!" Nakuja alifoka. Alibonyeza huku, akabonyeza kule. Mwisho akaona herufi AM. "Ahaa! Kilidhani namaanisha usiku. Naweka PM, basi." Akabadilisha miadi ya meno. Akabadilisha na ya bibi. "Sasa mimi sikumbuki tena kitu. Kitakumbuka chenyewe."

Kengele ililia mchana. Akabeba spana zake, akaenda kliniki akitabasamu.

Mlangoni alipokewa na karani wa mapokezi. Karani huyu alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Alikuwa amekunja sketi na kushika fagio la kukaushia maji. Nyuma yake wagonjwa wa meno walikuwa wamepandisha miguu kwenye viti, kama kuku wakati wa mvua.

"Shikamoo, dada jirani! Leo nimewahi!"

"Shikamoo yako weka mfukoni. Umewahi nini? Tulikubaliana saa tatu asubuhi. Sasa ni saa tisa!"

"Lakini kidude kimelia sasa hivi."

"Funga bomba kwanza. Kidude baadaye."

Alifunga bomba. Karani akanyoosha mkono. Yeye alitumia kidude cha namna hiyo kila siku kwa miadi ya wagonjwa. Alikitazama, akabonyeza mara moja.

"Fundi. Bibi anapasuliwa jicho saa ngapi?"

"Alhamisi, saa tatu asubuhi."

"Basi hapa umemwandikia saa tisa alasiri. Mkifika, daktari atakuwa ameshafunga sanduku lake."

Nakuja alikaa sakafuni, palepale kwenye maji.

"Mungu wangu," alisema. "Bibi angebaki kipofu, nami nikijisifu kwamba nimewahi."

"Inuka. Unalowa bure. Tazama ile saa ya ukutani. Asubuhi ukisema saa tatu, mshale mfupi unaelekea wapi?"

"Kwenye tisa."

"Sasa sikiliza. Kidude hiki kinaanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunaanza alfajiri. Tofauti ni saa sita. Kwa hiyo usikiandikie unachosema. Kiandikie unachokiona ukutani. Saa tatu asubuhi ni 9:00 AM."

"Na AM si usiku?"

"AM ni kuanzia usiku wa manane mpaka saa sita mchana. PM ni kuanzia hapo mpaka usiku wa manane tena. Ungesoma maelezo, fundi, tungekuwa wakavu."

"Nimekoma, dada."

"Bado hujakoma. Andika upya, nakutazama."

Nakuja aliandika 9:00 AM.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hujamaliza! Bonyeza kitufe cha kuhifadhi. Usipohifadhi, ni sawa na kuandika mkononi. Kabla ya hapo ungetazama juu ya kioo, uone kama tarehe na saa ya leo ni sahihi. Hapa una bahati, mwenyewe wa zamani aliweka vizuri."

Kisha akamwonyesha kwamba kengele ya saa ya miadi haimfai kitu mtu ambaye bado yuko nyumbani. Wakaweka kengele moja Jumatano jioni, na nyingine Alhamisi mapema, ili apate muda wa kuoga, kumvalisha bibi viatu na kuwasha lile gari bovu. Wakaweka kengele ya majaribio pia. Ililia hapohapo. Mgonjwa mmoja aliruka, na jino lililokuwa likimsumbua likanyamaza kwa hofu.

"Betri ikipungua, badilisha," alisema karani. "Kikae mfukoni mwako, si kwenye sanduku la spana. Na leo uandike miadi miwili mitatu tu. Ukizoea, ongeza."

Jumatano jioni kengele ililia. Nakuja akatia petroli kwenye gari. Alhamisi ikalia tena, akamwamsha bibi. Muuguzi alipofungua dirisha, aliwakuta wamekaa mstari wa mbele. Bibi alikuwa akiisalimia mashine ya maji ya kunywa.

Bandeji ilipofunguliwa, mke alikuwepo, na karani alikuwepo. Bibi alipepesa jicho. Alimtazama mjukuu wake tangu kichwani mpaka miguuni. Nakuja alisubiri shukrani, machozi yakimlengalenga.

"Mume wangu," bibi alisema taratibu, "soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani. Miaka yote hii unatoka nje hivi, na hakuna aliyeniambia?"

Kisha akamvuta, akamshika uso kwa mikono miwili, akaendelea kumtazama.