Picha Isiyo na Kovu

Siku Fundi alipokutana na mapenzi, alikuwa ametoka nyumbani kutafuta fotokopi. Ndivyo yalivyo mambo hayo: anayeyatafuta hayaoni, na aliyetoka na bahasha yake mkononi yanamkanyaga mguu.

Tena yalimkanyaga kweli. Ukumbi ulio chini ya ofisi ya pasi za kusafiria ulikuwa umefurika watu. Mashine za fotokopi zinanguruma, wauza bahasha wanaita, foleni tatu zimesokotana hata mtu hajui yuko kwenye ipi. Fundi alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, limekaa kiunoni sawasawa, na tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Nyuma yake alikuja mtoto wa marehemu dada yake, msichana wa sekondari aliyekuwa akinong'ona peke yake tangu asubuhi. Mtaani walimwita Kasuku. Shule yake ilikuwa imemchagua kwenda ng'ambo wiki sita za likizo ndefu, akae na familia ya huko na kujifunza lugha yao hapo hapo walipo, na tangu siku hiyo alirudia salamu na vitenzi vya kigeni mpaka majirani nao wakavijua.

Mwanaume mmoja mrefu, amebeba taa ya studio, akatoka mlangoni kwake kinyumenyume na kuukanyaga mguu wa Fundi.

"Samahani, mama! Nimekuumiza?"

"Hata kidogo. Nilikuwa nao wa ziada."

Mwanaume akacheka kwa sauti mpaka foleni ikageuka. Huyo ndiye Bwana Tabasamu, mpiga picha. Jina lilitokana na neno alilowaambia wateja kwa miaka ishirini, ingawa siku hizi riziki yake ilikuwa picha za pasi, ambazo mtu haruhusiwi kutabasamu hata kidogo.

"Picha ni ya huyu binti? Karibuni. Lakini shati lake la shule ni jeupe na ukuta wangu mweupe. Ofisini watasema kimekuja kichwa peke yake." Akachukua koti jeusi lililoning'inia kwenye msumari. "Wateja wote huvaa hili."

Fundi alilipokea kwa vidole viwili.

"Hili ni koti au ushahidi?"

"Ushahidi wa nini tena?"

"Sijui, ila kuna mtu anatakiwa kufungwa. Tazama kola! Bega limeshuka, bitana imechanika. Bwana, mwanangu hapigwi picha ndani ya gunia. Nalichukua nikalishone. Jumamosi nitakuletea."

"Na wateja wangu mpaka Jumamosi wavae nini?"

"Wavae subira."

Bwana Tabasamu alimtazama yule mwanamke mwenye tepu shingoni na pini nne kwenye ukosi, akahisi kitu ambacho hakukihisi tangu mkewe alipofariki. Akaomba namba ya simu. Kwa ajili ya koti, alisema.

Alipiga siku ile ile jioni.

"Haloo, Fundi. Koti linaendeleaje?"

"Limelazwa."

"Naweza kuja kuliona?"

"Saa za kuona wagonjwa zimekwisha, bwana."

Kesho yake alipiga mara mbili. Ijumaa mara nne. Kasuku alikuwa mezani, ameinamia fomu ya safari, cherehani inaunguruma pembeni yake.

"Ma'mdogo, hili koti lina ndugu wengi kweli."

"Jaza fomu yako."

"Nimejaza. Imebaki hapa tu, mtu wa pili wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Wa kwanza ni wewe. Wa pili nimwandike nani?"

Fundi alisimamisha cherehani. Tangu dada yake afariki, miaka kumi na tatu sasa, nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

"Acha kwanza. Tutaona."

Jumamosi koti lilirudi likiwa limenyooka, na Bwana Tabasamu alilizunguka mara mbili bila kuamini. Kasuku akalivaa, akakaa kwenye kiti, akapigwa picha. Alipokwenda nyuma ya pazia kulivua huku akinong'ona vitenzi, mpiga picha alitazama kioo cha kamera.

"Ana kovu juu ya nyusi."

Uso wa Fundi ulibadilika. "Ni mimi hilo," alisema polepole. "Alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza siku hiyo, nikampa mgongo. Akapanda cherehani, akaanguka kwenye ncha ya meza. Mama yake alikuwa hata miezi sita hajamaliza kaburini. Kila nikimtazama usoni naliona kosa langu."

Bwana Tabasamu alikuwa mtu wa vitendo, na vitendo vyake alivijua kwenye kompyuta tu. Chunusi za mabibi harusi aliziondoa, makunyanzi ya mababu aliyapunguza, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mapenzi nayo yalikuwa yameshampanda kichwani. Akaketi, akakuza picha ya Kasuku, na kwa mkono mwepesi akalifuta lile kovu lote. Akazichapa picha, akazikata, akazitia kwenye bahasha. Kasuku alizichungulia, akasema amependeza, akaendelea na vitenzi vyake. Fundi alizibandika kwenye maombi ya pasi akiwa anamfikiria aliyezipiga, na aliye katika hali hiyo haoni hata tembo.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa tamu. Mchana Fundi alipita studio na chai kwenye chupa, wakanywa kwenye benchi la wateja. Bwana Tabasamu alimwita "Fundi wangu", naye akamjibu, "Wako tangu lini? Risiti iko wapi?" Lakini alicheka, na gauni la bluu lilivaliwa siku ambazo si za kutoka. Kasuku aliwaona wakitembea barabarani wameachana hatua mbili, kama watu wanaoogopa kuambukizana, akafurahi kimoyomoyo.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya safari, Fundi na Kasuku waliitwa ofisi ya pasi, dirisha namba nne. Mama mwenye miwani aliinua picha, akamtazama Kasuku, akairudia picha.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi," Kasuku alisema.

"Wewe una kovu. Huyu hana. Picha iliyochezewa ni kosa, mama. Maombi yamesimama mpaka tujue nani kafanya hivi na kwa nini. Inaweza kuchukua mwezi."

"Mwezi! Anasafiri baada ya siku kumi na mbili!"

"Basi atasafiri mwakani," alisema yule mama, bila ubaya wowote, akaita namba inayofuata.

Fundi alishuka ngazi mbilimbili. Bwana Tabasamu alimwona akija, akafungua mikono.

"Fundi wangu!"

"Usiniite hivyo! Umemfanya nini mwanangu?"

Bwana Tabasamu aliiona picha mkononi mwa Fundi, akaishusha mikono. "Lile kovu... Niliona linavyokuumiza. Nilidhani nakupunguzia mzigo."

"Nilikupa siri yangu, bwana, nawe ukaifuta kama doa! Nani alikwambia mtoto wangu ana kasoro ya kurekebishwa? Ofisi nzima inatuona matapeli. Mtoto kalala na vitabu mwaka mzima, na safari yake umeimaliza kwa kidole kimoja!"

"Nisikilize, nitakwenda mwenyewe kuwaeleza..."

"Huendi popote kwa ajili yetu. Sisi tulikuwa wawili, na tutabaki wawili." Akageuka, akaliona koti kwenye msumari, akalinyakua. "Na hili nalichukua! Kazi ya mikono yangu haikai humu!"

Njiani alilifuta jina lake kwenye simu. Namba ngeni ilipoita alijua ya nani, akaiacha ilie mpaka ichoke. Siku ya tatu haikulia tena, na hilo nalo likamuuma.

Nyumbani kulikuwa na kimya kibaya. Kasuku aliacha kunong'ona. Madaftari yake yalikaa juu ya kabati, na majirani waliuliza mtoto anaumwa nini. Siku ya nne alimkuta mama yake mdogo akilitia lile koti bitana mpya, bila sababu yoyote ya maana.

"Ma'mdogo, naomba kusema."

"Sema, mwanangu."

"Familia ninayokwenda kukaa nayo niliwaandikia barua. Waliniuliza watanitambuaje uwanja wa ndege. Nikawaambia, mtamwona msichana mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto."

Sindano ilisimama. "Si ungewaambia rangi ya nguo?"

"Nguo hubadilishwa. Sikiliza basi. Anko kakosa, kalifuta. Na wewe umekosa, miaka yote unaliomboleza. Mmeligombania kama lenu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Kovu ni langu, Ma'mdogo. Silichukii. Watoto wote wa mtaa huu wana makovu, na mama zao walikuwa wamewakodolea macho."

Fundi alilia, akalia vizuri, kichwa begani kwa mtoto aliyemlea, na kila chozi lilimwacha mwepesi kidogo. Miaka kumi na tatu alikuwa amebeba kitu ambacho mwenye kovu hakuwahi kumdai.

"Nimesamehewa?" aliuliza akijipangusa kwa kitambaa cha bitana.

"Kwa lipi? Ila anko yule mpigie. Usingizini unamgombeza, na kwa jinsi unavyomgombeza, unampenda."

"Nyamaza, wewe!"

Siku mbili alizunguka na simu mkononi kwa aibu. Siku ya sita ikaita yenyewe. Ilikuwa ofisi ya pasi: aje na mtoto, sasa hivi.

Kwenye benchi mbele ya dirisha namba nne alikaa Bwana Tabasamu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja tu. Kamera ilikuwa mapajani. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Huyu bwana," alisema mama mwenye miwani, "amefunga studio yake siku nne kuja kukaa hapa. Kaleta picha ya asili, haijaguswa, na barua ya kukiri kosa kwa mwandiko wake. Nimemwambia nitamfungia kupiga picha za pasi miezi mitatu. Hakubisha. Kaniuliza tu kama mtoto atawahi ndege."

"Miezi mitatu?" Fundi alimgeukia. "Na utaishije?"

"Watu wanaooana bado wapo," alisema. "Wao wanaruhusiwa kutabasamu."

Mama mwenye miwani alikohoa. "Nahitaji picha mpya. Aipige yeye, mbele yangu, atengeneze alichoharibu. Lakini tazameni, mtoto kaja tena na shati jeupe!"

Fundi alifungua mkoba wake, akatoa koti jeusi, limekunjwa vizuri.

"Nilikuwa nimepanga kulirudisha tu," alisema haraka. Hakuna aliyemuuliza.

Bwana Tabasamu alilipokea, akaiona bitana mpya, akapapasa mshono wake kwa kidole gumba. Macho yalimjaa machozi. Kasuku akalivaa na kusimama ukutani. Mpiga picha akainua kamera, akaishusha.

"Kasuku, nilipaswa kukuuliza siku ile. Nakuuliza leo. Kovu lionekane?"

"Lionekane, anko." Akazirudisha nywele nyuma mwenyewe.

Picha ilipigwa. Mama mwenye miwani aliitazama, akamtazama Kasuku, akagonga muhuri. "Alhamisi njooni mchukue pasi."

Alhamisi! Ndege ilikuwa Jumapili. Kasuku aliruka na koti lake, mikono ikapepea, akamwaga vitenzi vyote alivyovizuia siku sita mpaka foleni nzima ikamgeukia. Fundi alijishika ukutani, akapumua kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Wakaketi benchini, mtoto katikati. Kasuku akatoa fomu ya safari.

"Shule wanaitaka leo kabla ya saa kumi. Imebaki palepale, Ma'mdogo. Mtu wa pili."

Fundi alichukua kalamu, na bila kutazama popote akaiandika namba nzima ya simu, tarakimu kwa tarakimu, ile aliyoifuta kwenye simu yake. Bwana Tabasamu aliisoma kichwachini.

"Hiyo si yangu?"

"Nilifuta kwenye simu. Kichwani hakukubali."

"Wanauliza na uhusiano," Kasuku alisema.

"Andika mpiga picha," Fundi alijibu, masikio yakimwaka.

"Hiyo ni kazi. Wanataka uhusiano."

Bwana Tabasamu aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha penseli anachowekea alama kwenye picha.

"Fundi," alisema, "mimi sina maneno mengi. Naomba aandike mchumba. Aandike kwa penseli tu, ili usipotaka iwe rahisi kufuta."

Fundi aliitazama ile penseli. Akamtazama mwenye shati la pasi upande mmoja, kisha mtoto aliyekuwa amefumba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Wewe bwana na kufuta," alisema, "nilishakukataza."

Akaisukuma penseli pembeni, akaivuta fomu magotini kwake, na kwa wino akaandika mwenyewe: mchumba.