Damu Aliyoandikiwa Arlene

Mashine ya kupasha damu joto ilianza kunguruma saa nne asubuhi, na waya wake umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

Nesi Marcy akarudi nyuma. "Dakta, unasikia harufu ya kafuri?" akanong'ona.

"Sisikii kitu," akasema Dakta Lorna Tveit.

Mwongo huyo. Alikuwa akiisikia tangu Jumatatu. Kafuri na sufu mbichi, ndivyo alivyonuka Arlene Skogstad alipoletwa pale hospitalini Duluth, bibi wa miaka themanini na moja, ameteleza barafuni akienda kulisha ndege.

Wodi ya majeruhi ina hesabu yake. Mzee akiletwa, daktari huchukua umri wake, hujumlisha uzito wa majeraha, na kama siku ya kwanza aliongezewa damu, huongeza ishirini na mbili. Jumla ikipanda sana, familia huitwa kuambiwa hakuna tumaini. Mfuko wa damu wa Arlene ulitundikwa, ukarudishwa kwenye friji bila kufunguliwa. Lorna akaandika kwamba amepewa. Dale, mtoto pekee wa Arlene, akaonyeshwa namba, akalia, akakubali mashine ya pumzi izimwe. Jumatatu, siku ya mazishi, ndipo Lorna alipogundua kosa. Akanyamaza kimya, roho ngumu ile.

Mchana wakamleta Verna, mama mzazi wa Lorna. Ajali ya gari, mbavu sita zimevunjika.

"Mia na kumi na tisa," Lorna akapiga hesabu, akihema. "Mama anapona."

Kioo cha kompyuta kikabadilika chenyewe: ameongezewa damu, mia na arobaini na moja. Akafuta. Ikarudi. Akafuta tena, na kila alipofuta mapigo ya mama yake yakapungua, na harufu ya kafuri ikazidi, na ile mashine isiyo na umeme ikanguruma kwa nguvu mpaka kitanda kikatetemeka, na midomo ya Verna, aliyekuwa hana fahamu, ikaanza kusema kwa sauti ya bibi mwingine.

"Mwanangu anadhani aliniua yeye. Mpigie umwambie."

"Bi Arlene, nakuomba," Lorna akanong'ona. "Wataninyang'anya leseni. Nipe mpaka kesho."

"Mimi ulinipa mpaka saa ngapi?"

Lorna akakaa na simu mkononi hadi jua likazama. Hakupiga. Alimpenda mama yake, lakini kazi aliipenda zaidi, tuseme ukweli.

Asubuhi Verna akafumbua macho. Lorna akamwangukia kifuani, analia kwa furaha. "Mama, ni mimi. Umepona."

Verna, ambaye maishani mwake hakuzaa mtoto mwingine ila Lorna, akamsukuma taratibu, akamgeukia Marcy.

"Nesi, nipigie mwanangu Dale. Mwambie aje haraka. Na huyu daktari asitoke humu mpaka afike."