Jua la Kapteni

Walikutana dukani, sehemu ya kompyuta, watu wakisukumana kama siafu. Usukani wa kuendeshea ndege za mchezo ulikuwa umebaki mmoja. Fundi wa viyoyozi, ovaroli lake limejaa vumbi, akashika upande huu. Mfamasia mwenye koti jeupe na viatu vyekundu akashika ule.

"Dada, niachie. Nimeutafuta mwezi mzima."

"Mimi miwili. Kwani wewe rubani?"

"Rubani wa sebuleni."

Mfamasia alicheka mpaka akauachia. Kabla hawajafika mlangoni alishamwita Kapteni na namba za simu zilishabadilishwa.

Naye alipopata usukani wake, mwaka mzima waliruka pamoja kila jioni, kila mtu kwake, simu sikioni, mpaka wakachumbiana. Kisha Kapteni akapata mkataba nje, nchi iliyo nyuma kwa saa saba. Ukoo mzima ukamsindikiza. Miezi miwili tu, kampuni ikafunga milango. Akarudi kimyakimya na sanduku lake, akapanga chumba upande wa pili wa mji uleule, nusu saa kutoka famasi. Mama hakuambiwa. Mchumba hakuambiwa. Angeanzia wapi, baada ya sifa zote zile? Wiki ya sita sasa anasema "huku baridi kali" huku jasho linamtiririka mgongoni.

Mchezo ulimsitiri. Saa ya angani mchezaji alijichagulia mwenyewe: ukitaka asubuhi, asubuhi.

Jumamosi likaja toleo jipya. Kapteni akabonyeza "kubali" bila kusoma, kama sisi wote.

"Laazizi, umeuona mwanga mpya?" mchumba alimpigia jioni ile. "Kwangu jua linazama, kivuli cha bawa kimelala mpaka mwisho wa uwanja! Hebu nionyeshe kwako. Huko si saa tano na nusu asubuhi?"

"Ndiyo, mpenzi. Jua la utosi."

Akamfungulia kioo cha kompyuta yake aone, ndipo naye akatazama. Mwanga wa rangi ya chungwa ulikuwa umemwagika juu ya vipimo vyote vya ndege. Taa za uwanja zilikuwa zinaanza kuwaka.

"Mbona na kwako linazama?"

"Mchezo umeharibika."

"Haujaharibika. Wameandika kwamba sasa jua linafuata mahali kompyuta ilipo. Kapteni, uko wapi?"

"Unajua, mtandao wa huku..."

"Nimekuuliza uko wapi. Habari za mtandao sijakuuliza."

Akautaja mtaa. Alisikia pumzi moja, kisha simu ikakatwa. Alipiga mara tisa. Haikupokelewa.

Jumatatu asubuhi alijipanga famasi nyuma ya wagonjwa watatu, shati limenyooka, uso umesawijika.

"Tatizo nini?" mfamasia alimuuliza, kama hamjui.

"Naomba msamaha."

"Hatuuzi."

Mzee mwenye kikohozi akacheka mpaka kikohozi kikampanda.

"Kazi iliisha," Kapteni akanong'ona. "Niliona aibu."

"Kukosa kazi ndiyo aibu? Kila Ijumaa nakwenda kwa mama yako. Namwambia, mama, mwanao hajambo, anakula vizuri, baridi tu ndiyo inamsumbua. Umenituma uongo kwa mama yako, na mimi nikaubeba kwa miguu yangu. Hiyo ndiyo aibu."

Masikio yalimwaka.

"Nitamwambia," akasema.

"Lini?"

"Jioni."

"Sasa hivi." Akavua koti, akamwachia mwenzake dirisha. "Na usidhani nakusindikiza. Nakwenda kukusikia."

Njiani mfamasia alitangulia mbele.

Mama alifungua mlango mikono imejaa povu la sabuni. Alimwona mwanawe, akaanza kutabasamu, kisha akaona hana sanduku.

"Umefika lini, mwanangu?"

"Wiki sita zilizopita, Mama. Kazi iliisha. Nilijificha."

Povu likadondoka sakafuni. Mama akamgeukia taratibu binti aliyekuja naye. "Na wewe ulijua?"

Binti akafungua mdomo, lakini Kapteni akamtangulia.

"Hakujua, Mama. Nilimdanganya kama nilivyokudanganya. Mwongo hapa ni mimi peke yangu."

Alisimama palepale, kichwa chini, machozi yakimfika kidevuni, akingoja kufukuzwa. Ndipo akahisi mkono wa binti ukipapasa wake, ukamshika kidole. Kidole kimoja tu.