Kichuguu cha Syokau

Je, wewe jioni huketi wapi, jua likishapoa? Syokau wa Migwani alikuwa na kiti chake: kichuguu kikuukuu nyuma ya boma, laini kwa kukaliwa. Mama mkwe wake alikikalia kabla yake. Hapo Syokau alisuka viondo, vikapu vya mkonge, mpaka giza likaingia. Mjukuu wake Kavata, wa miaka kumi, aliyemwita susu, yaani bibi, aliketi karibu akimtazama akisuka.

Mwaka wa 1991 Kavata alishikwa na homa. Alimeza dawa za malaria bila nafuu. Akakonda, tumbo likavimba upande wa kushoto. Majirani walisema achanjwe tumboni kwa wembe. Syokau alikataa. Alikwisha kuzika mtoto mwenye tumbo kama hilo, na huyo wembe ulikuwa umempitia. Akampeleka Kavata hospitali.

Mbinya, mpimaji wa maabara, alimpima Kavata, akamwonyesha Syokau vidoa kwenye darubini.

"Ni kala-azar, susu. Ugonjwa wa kimelea cha seli moja. Huletwa na inzi mdogo kuliko mbu. Inzi huyo hujificha katika matundu ya vichuguu, hutoka jua likizama."

Syokau alikiweka chini kiondo alichokuwa akikisuka. "Kwa hivyo mimi ndiye niliyempeleka kwao."

Mbinya alimwambia si kosa lake, hakuna aliyewahi kumweleza. Syokau akauliza kitu kisichoonekana kwa macho kinamshindaje mtoto. Mbinya akakiokota kile kiondo.

"Ndani ya kimelea kuna jiko la kumpa nguvu. Maagizo ya jiko hilo, tunayaita RNA, hutoka na mapengo, kama kiondo kilichorukwa nyuzi. Anayarekebisha mwenyewe. Hapa anatia uzi, pale anatoa, akifuata vipande vidogo vya kumwongoza. Asiporekebisha, jiko linazimika."

"Basi mkateni vidole."

Mbinya akacheka. "Wataalamu wanaitafuta dawa ya kumkata vidole hivyo. Sisi leo tuna sindano. Siku thelathini, bila kuruka hata moja."

Hawakuruka. Sindano ziliuma. Wiki ya pili Kavata aliomba isyo, akamaliza mahindi na maharagwe yote. Tumbo likarudi mahali pake.

Nyumbani Syokau alisukia mlangoni, mchana. Majirani walimtania kwamba mchwa wamempokonya kiti. Aliwaeleza mmoja mmoja, nao wakahama vichuguu vyao.

Siku moja Kavata alichukua uzi wa mkonge. Mwaka uliopita susu alikuwa amemwambia vidole vyake bado havijawa tayari kusuka.

"Susu, nifundishe kusuka," alisema. "Hicho ndicho nilichokuwa nakifuata kule kichuguuni."