Mlango wa Mtaa wa 179

Don Ramón Fermín alikutwa kifudifudi kwenye ujia wa chini ya jengo, amevaa suti yake ya kijivu, kisogo kimepasuka. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooshwa kuelekea ukutani.

"Nani kamkuta?" aliuliza Inspekta Yudelka Almonte.

"Mimi," alijibu Wilkin Tavárez, msimamizi wa jengo, mwanamume mnene aliyeishi humo humo chini. "Nilikuja kutoa takataka. Atakuwa ameteleza kwenye ngazi. Mzee wa watu."

Yudelka alizitazama ngazi. Zilikuwa mbali, upande wa pili kabisa wa ujia.

"Akateleza kule, akaja kufia huku?"



Yudelka akapiga magoti. Kucha za marehemu zilijaa rangi nyeupe, nayo ilikuwa imemchafua vidole mpaka kwenye viungo. Mbele yake palikuwa na mlango wa zamani uliozibwa kwa matofali upande wa nje. Kioo chake chote kilipakwa rangi, na rangi hiyo ilikuwa na mikwaruzo minne ya kucha.

"Hapa pamepakwa lini?"

"Wiki iliyopita."

"Usiende mbali, Wilkin," alisema Yudelka, kisha akamwita mtaalamu wa uchunguzi aje achukue sampuli na alama za vidole.

Ghorofa ya nne, mjane wa marehemu alikuwa ameketi mezani, amevaa gauni lake la kwendea mahakamani. Doña Zunilda hakulia. Alikuwa ameushika mkoba kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Pole sana, mama. Alikwenda kutafuta nini kule chini?"

"Mlango, mwanangu."

"Mlango gani?"

"Kampuni mpya ilipolinunua jengo ilipandisha kodi mpaka tukashindwa. Tukawaambia hizi ni nyumba za kodi iliyodhibitiwa, serikali ndiyo inayoipanga, tangu enzi na enzi. Wakatucheka. Wakasema orodha ya nyumba hizo iko mtandaoni, ya serikali, kila mpangaji aingie aangalie mwenyewe. Tukaangalia. Unaandika anwani ya mlango wa mbele, ya barabarani, jengo halimo. Jengo zima tumeangalia, halimo. Leo saa nane jaji anaamua kama tunatoka."

"Na Don Ramón?"

"Mbishi yule. Jana jioni anakula wali wake, akaweka uma chini. Ananiuliza, Zunilda, siku tunahamia tuliingilia wapi? Nikamwambia, pembeni, Mtaa wa 179. Mlango wa mbele ulikuja baadaye, watu wakazoea. Asubuhi akashuka, eti jengo huenda liliandikishwa kwa mlango ule. Namba yake aliwauliza wazee wote usiku uleule, hakuna aliyeikumbuka."

Hadithi hii Yudelka aliijua. Alizaliwa mitaa mitatu tu kutoka pale, na aliwajua majirani waliofungasha virago kwa kuambiwa tu kwamba hawamo.

"Mahakamani utakwenda, mama. Namba nitakuletea mimi."

Akarudi chini. Picha zilipokwisha kupigwa, alikwangua rangi ya kioo taratibu kwa wembe. Namba za dhahabu zikajitokeza moja moja, zimegeuka kinyume, maana ziliandikwa zisomwe na mtu aliye nje. Akazisoma kutoka kulia: 561. Akatoa simu, akafungua orodha ya serikali, akaandika 561, Mtaa wa 179 Magharibi.

Jengo lilikuwemo. Lilikuwemo siku zote, waziwazi, kwa yeyote ambaye angeuliza kwa mlango sahihi.

Akapiga picha ya kioo na ya orodha, akamtuma askari nazo mahakamani pamoja na mjane. Kisha akamchukua Wilkin kituoni.

"Ulipaka lini?"

"Si nimeshasema? Wiki iliyopita."

"Rangi kavu hubanduka vipande. Hii imemchafua mzee vidole. Ilikuwa mbichi, Wilkin."

"Sijui mambo hayo."

"Kopo la rangi tumelipata nyuma ya tanuri la kupashia jengo joto. Kitako chake kina damu na mvi. Alama za vidole zilizopo ni zako tu."

Wilkin akayatazama mapaja yake.

"Nani alikutuma?"

"Kampuni. Walisikia jana usiku wazee wanaulizia mlango. Wakaniambia nifute namba kabla ya kesi."

"Kupaka kioo si kuua mtu."

"Nilimwambia, Don Ramón, rudi juu, usinitie matatani. Hasikii. Anakwangua kwa kucha, huku anacheka. Ananiambia, Wilkin, njoo uone, tumepona sote." Akamkazia macho Yudelka. "Sote, inspekta. Mimi nilikuwa napona nini?"

"Walikuahidi nini?"

"Nyumba yake. Wakishatolewa, niingie mimi, mkataba kwa jina langu. Mama yangu nakaa naye kule chini. Ukuta unatoka maji, anakohoa mpaka kunakucha. Kwa Don Ramón jua linaingia asubuhi. Nililiona nilipokwenda kumtengenezea bomba." Akafunika uso. "Nikampiga na kopo. Mara moja tu."

Akatia saini maelezo yake. Yudelka alipokuwa akisimama, Wilkin akauliza, "Na mama?"

Yudelka hakutaka kumdanganya. "Nyumba ya msimamizi huondoka pamoja na kazi. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Waliokutuma nawafuata kesho. Majina yao utanipa yote."

"Nitakupa."

Jua lilikuwa linazama Yudelka alipopanda tena ghorofa ya nne. Doña Zunilda alikuwa amerudi, viatu amevivua, suti nyingine ya mumewe imelazwa kitini kwa ajili ya mazishi.

"Jaji kasemaje, mama?"

"Tunabaki. Jengo zima. Kaisoma namba yeye mwenyewe." Akamimina kahawa, vikombe viwili. "Ni Wilkin?"

"Amekiri."

"Alikuwa anataka nini kwetu?"

"Nyumba hii. Amweke mama yake, yule mgonjwa."

Mjane aliinuka, akaufungua mlango wa chumba kilichokuwa karibu na jikoni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, dirisha linatazama mashariki.

"Cha binti yetu, tangu aolewe hakilali mtu," alisema. "Ramón kila siku ananiambia tutafute mtu akae humo. Wilkin angeomba tu."