Faili Lililotangulia

Saa 6:10 mchana

Chumba cha nyuma cha duka la fotokopi kilinuka wino na jasho. Nyundo, mkubwa wa genge, alichora ghala la simu nyuma ya karatasi iliyoharibika, akaigonga kwa kidole.

"Lori linaingia saa saba na nusu, walinzi wakienda kula. Makasha arobaini. Dakika kumi na mbili. Atakayechelewa asinilaumu."

Dereva alikuwa kaka yake Fundi, yule dada aliyeshughulikia kompyuta za genge. Kando yake angeketi Bubu, mtu wa maneno machache na bastola moja. Fundi angebaki hapa na Nyundo.

"Nieleze tena hilo tundu lako," Nyundo alisema. "Kwa lugha ya watu."

"Ghala lina programu inayochunga mtandao mzima. Kamera, mageti, ving'ora. Kitu kikizimika, mlinzi anawashiwa taa nyekundu. Sasa, programu hiyo inaruhusu upandishe picha ya ramani ya jengo. Haikagui kama ni picha kweli. Ukipandisha faili lenye amri zako, inalipokea na kuzitii."

"Inapokea tu?"

"Kama mgeni aliyevaa suti."

Fundi aliwahi kufanya kazi pale ghalani miaka minne. Aliwaandikia wakubwa barua tatu kuhusu tundu hilo, na ya tatu wakaijibu kwa kumfukuza. Zamani alikasirika. Hasira ilimwishia, na furaha nayo ikaondoka pamoja nayo.

Kaka yake alichukua funguo za lori. "Tutaonana, mdogo wangu." Hakumtazama usoni.

Saa 7:24

Fundi alipandisha faili lake. Programu ikalimeza bila swali. Akafungua folda ya picha kuhakikisha limekaa, na hapo akaona jingine lililotangulia. La jana, saa kumi jioni. Jina lake: mama-jikoni.

Jumapili moja alimfundisha kaka yake mchezo huu kwa picha ya marehemu mama yao akiwa jikoni, wakacheka mpaka chai ikapoa. Hakumfundisha mtu mwingine. Na jana saa kumi kaka alisema yuko gereji.

Basi jana kaka aliketi na watu, akawaonyesha tundu lilivyo. Na watu hao wameliacha wazi mpaka leo kwa makusudi. Hao ni polisi; wezi wangeshaiba, na wenye ghala wangeshaliziba.

"Vipi?" Nyundo aliuliza. Simu yake ilikuwa mezani, Bubu akiwa hewani upande wa pili. Neno moja tu, na kaka asingefika getini akiwa hai.

Fundi alijua anapaswa kuogopa. Aliitafuta hofu, hakuiona. Aliona vidole vyake tu, vikilifuta lile faili la jana.

"Nakuuliza wewe! Umemeza ulimi?"

"Kijani kote," alisema. "Kamera zimelala. Waingie."

Nyundo akainamia simu. "Ingieni."

Saa 7:31

Kwenye simu, mlango wa lori ulisikika ukifunguka. Kisha makelele: "Lala chini! Lala chini!" Risasi moja. Halafu sauti ya kaka, nyembamba kama ya mtoto: "Msipige! Ni mimi! Ni mimi niliyewaita!"

Simu ikakatika. Nyundo aligeuka taratibu.

"Ulijua."

"Dakika saba zilizopita."

Mkono wa Nyundo ulikuwa umeshaingia ndani ya koti mlango ulipovunjwa. Polisi wanne walimlalia sakafuni, akiwatukana wote pamoja na mama zao. Inspekta, mwanamke mnene aliyekuwa akihema, alimsogelea Fundi.

"Kaka yako mzima. Hata mchubuko hana."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hilo ndilo alilotaka.

"Ametusaidia sana," inspekta aliendelea. "Tumekubaliana asishtakiwe."

"Na mimi? Alisema nini juu yangu?"

Inspekta alichomoa pingu. "Dada, jina lako ndilo la kwanza alilotutajia. Alisema bila wewe kazi isingekuwepo."

Fundi alitoa mikono yote miwili. Alingoja uchungu uje. Alichohisi ni pingu kumbana kidogo upande wa kushoto, akamwambia inspekta, naye akailegeza.