Misumari ya Jikoni

Asubuhi za Sumbawanga huwa na baridi hata mwezi wa Oktoba, na katika nyumba ya Bwana Nsajigwa, mtaani Chanji, mahali pa kwanza kupata joto palikuwa jikoni. Atupele, binti yake wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyewasha moto kila siku ya shule. Alipanga kuni kwenye mafiga, akapuliza mpaka ziwake, kisha akaweka maji ya kuoga ya mdogo wake Obed. Jiko lile lilikuwa dogo, na kuta zake zilikuwa nyeusi kwa moshi, lakini halikuwahi kuingiza hata tone la mvua. Ukutani mwake palikuwa na mlango wa stoo, na ndani ya stoo magunia manane ya mahindi waliyovuna katika shamba lao la kijijini Kate. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha mwaka mzima.

Bwana Nsajigwa alikuwa karani wa serikali. Alihamia Sumbawanga kutoka Mbeya, akajenga nyumba ile kwa mkopo wa benki, na benki haikutoa mkopo mpaka nyumba ilipokatiwa bima. Kila mwaka alilipia bima hiyo akinung'unika.

Jumamosi moja mchana, kabla mvua za mwaka hazijaanza, upepo mkali ulivuma kutoka upande wa milima. Mabati ya sebule na ya chumba cha watoto yaliraruka na kutupwa barabarani. Hakuna aliyeumia. Chumba cha wazazi, jiko na stoo vilibaki salama kabisa.

Siku ya pili yake alikuja fundi Christopha, mkandarasi mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. Alizunguka nyumba mara mbili, akakubali kikombe cha chai, kisha akakaa karibu na Bwana Nsajigwa.

"Baba Atu, hebu nikuulize. Bima umeilipa miaka mingapi?"

"Sita."

"Imewahi kukuletea hata kilo moja ya sukari?"

"Haijawahi."

"Basi mwaka huu ndio zamu yako. Upepo umechukua vyumba viwili. Mimi na wewe tumalizie jiko na stoo. Mtu wa bima akija, akute pote ni wazi, walipie bati jipya pote. Haya makuukuu nitayabeba mimi, tuyaite chai ya mafundi."

Rose, mkewe Nsajigwa, ambaye wote walimwita Mama Rose, alikuwa akichambua maharage mlangoni. Aliinua uso.

"Jiko langu halivuji," alisema.

"Halivuji leo, shemeji," Christopha alimjibu. "Mwakani utanikumbuka. Hela yenyewe si ya mtu. Ni ya kampuni, na kampuni haili ugali."

Bwana Nsajigwa hakucheka. Alilitazama paa la jiko kwa muda mrefu, kisha akaenda kuchukua ngazi. Yeye mwenyewe aliishika ngazi hiyo wakati Christopha akipanda. Fundi aling'oa msumari mmoja baada ya mwingine kwa nyundo, akayashusha mabati kumi na mawili yakiwa mazima, bila hata kuyakunja. Misumari ilidondoka uani, na Obed akaiokota na kuitia katika kopo la maziwa ya unga.

Jioni baba alimwita Atupele.

"Mgeni wa bima akikuuliza, upepo ulichukua vyote. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Mgeni huyo alifika siku ya nne. Aliitwa Bi Debora, mtathmini wa hasara, mwanamke mtulivu aliyevaa buti za mpira na kubeba daftari. Alipanda ngazi mwenyewe. Juu ya sebule alikuta misumari imebaki kwenye mbao, mingine ikiwa bado imeshika vipande vya bati. Juu ya jiko alikuta matundu matupu.

"Upepo huu una adabu," alisema aliposhuka. "Sebuleni umerarua bati ukaacha misumari. Jikoni umechukua bati na misumari yake."

Bwana Nsajigwa alikohoa. Christopha alijifanya anapima ukuta. Bi Debora alimgeukia Atupele, aliyekuwa amesimama na sare yake ya shule.

"Shikamoo," alisema Atupele.

"Marahaba, binti. Unaitwa nani?"

"Atupele."

"Atupele, misumari ya jikoni iko wapi?"

Atupele alihisi macho ya baba yake juu yake. Jibu lilimjia upesi, na lilimjia likiwa limekamilika, jambo lililomwogopesha yeye mwenyewe baadaye.

"Ilidondoka chini siku ya upepo. Tuliiokota ili mdogo wangu asijichome. Iko kwenye kopo."

Akaenda akalileta kopo. Bi Debora alilitazama, akamtazama mtoto, kisha akaandika.

"Umefanya vyema kumlinda mdogo wako," alisema.

Alipoondoka, Christopha alipiga kofi la furaha. "Mshikaji wangu, huyu binti atakuwa wakili!" Baba akatoa fedha, Atupele akanunue soda. Aliinunua, lakini alimpa Obed yote.

Kampuni ilikubali madai. Kwa utaratibu wake, ilimlipa fundi nusu ya fedha kabla ya kazi. Nusu ya pili ingetoka baada ya mwenye nyumba kusaini hati kwamba kazi imekamilika. Christopha alikuja na vijana wawili, na kwa siku nne wakaezeka sebule na chumba cha watoto. Mabati yake yalikuwa membamba kuliko yale yaliyoandikwa kwenye makadirio, lakini waliyapigilia. Siku ya tano hakuonekana. Alipiga simu akisema amepata kazi ya haraka ya kujenga maduka Kasesya, mpakani, na kwamba Jumatatu atarudi. Jumatatu nne zilipita.

Mvua zilianza. Sasa familia ile ilikuwa katika hali ya ajabu. Vyumba vilivyoharibiwa na upepo vilikuwa na paa, na vile vilivyoezuliwa na wenyewe vilikuwa wazi. Mama Rose alipika akiwa amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Magunia yalifunikwa kwa turubai, lakini maji yalijaa juu yake likabonyea, na mengine yakapita chini sakafuni.

Shuleni habari zilikuwa zimefika. Calvin, kijana aliyekaa dawati la nyuma, alimuuliza kwa sauti ya darasa zima kusikia, "Atu, kwenu siku hizi mnasonga ugali au mnakoroga uji? Maana maji yanajiongeza yenyewe." Watoto walicheka. Atupele naye alicheka kidogo, kisha akainamia daftari lake mpaka kengele ilipolia.

Siku aliyorudi akamkuta mama yake ameketi juu ya kinu stooni, hakuisahau maishani. Mama alikuwa amefungua gunia la kwanza na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulitoka na ukungu wa kijani. Walifungua mengine. Magunia sita kati ya manane yalikuwa yameharibika.

"Tuyaanike, mama," alisema Atupele.

"Mwalimu wenu hakuwafundisha sumukuvu?"

"Alitufundisha."

"Basi haya hayaliwi. Hata kuku hatumpi." Mama alijifuta mkono kwenye kanga. "Nilisema jiko langu halivuji," aliongeza, kisha wakayafukia mahindi shimoni.

Bwana Nsajigwa alipanda basi akaenda Kasesya kumtafuta fundi. Alirudi mikono mitupu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Christopha mwenyewe alifika akiwa na viatu vipya na karatasi mkononi.

"Nimeleta ile hati, Baba Atu. Saini tu, nipate nusu yangu iliyobaki, kisha nije nimalizie jiko."

"Maliza kwanza. Ndivyo mkataba unavyosema."

"Nimalize kwa hela gani? Ya kwanza imekwisha."

"Imekwisha kwenye vyumba viwili? Na kwa bati lile jembamba kama karatasi?"

Christopha alikaa bila kukaribishwa. Hakupandisha sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Ukitaka, nenda kanishitaki. Nitaeleza nani aliyenishikia ngazi. Nitaeleza na mtoto gani aliyemwonyesha yule mama kopo. Mimi ni fundi, leo niko hapa, kesho niko Zambia. Wewe ni mtumishi wa serikali. Tuone nani ataumia zaidi."

Atupele, aliyekuwa akimvalisha Obed sweta, alimwona baba yake akinyoosha mkono kuchukua kalamu. Mkono ule ulimfundisha kuandika kabla hajaanza shule, na sasa ulikuwa unatafuta mahali pa kusaini.

Atupele alikwenda chumbani. Aliporudi, aliweka kopo la misumari mezani, juu ya ile hati.

"Baba, ukisaini, Bi Debora atakuja kukagua. Ataniuliza tena. Safari hii sitamdanganya."

"Toka, Atupele. Haya ni mambo ya wakubwa," alisema baba.

"Yalikuwa ya wakubwa siku ile pia, baba. Mliniingiza ninyi."

Mama Rose, aliyekuwa mlangoni, aliacha alichokuwa akifanya. Alitazamia mumewe angempiga mtoto. Bwana Nsajigwa alisimama kweli, uso ukiwa umemwiva, lakini alisimama vile vile, mikono ikining'inia. Mwishowe alilinyanyua kopo, akaichomoa hati chini yake, akamrudishia fundi ikiwa haina saini.

"Nenda," alisema.

"Utajuta," alisema Christopha.

"Nimeshajuta. Nenda."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini na shuleni, baba na binti walikwenda ofisini kwa Bi Debora. Bwana Nsajigwa alieleza kila kitu akiwa amesimama, kwa maneno machache. Ilipofika zamu yake, Atupele alisema, "Misumari haikudondoka kwa upepo. Fundi aliing'oa. Nilikudanganya, shangazi."

Bi Debora hakumsifu. Alifunga daftari lake polepole.

"Niliyaona matundu yale," alisema. "Nilijua si kazi ya upepo. Lakini nilijiambia kwamba mtoto mwenye uso kama wako hawezi kutunga jambo kama lile. Nimetathmini nyumba za watu miaka kumi na minne. Sasa kila nitakapomuuliza mtoto swali, nitakukumbuka wewe. Hilo si jambo dogo ulilonifanyia."

Atupele alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Hukumu haikuwa nyepesi. Kampuni iliifuta nusu ya pili ya malipo, ikamtaka Bwana Nsajigwa arudishe sehemu yote iliyohusu jiko na stoo, akatwe katika mshahara kwa miezi kumi na minane. Ofisini kwake aliandikiwa barua ya onyo. Christopha naye aliitwa mbele ya mtendaji wa kata. Alibisha, akacheka, akaapa, lakini makadirio yalikuwa na sahihi yake, na bati jembamba lilikuwa juu ya nyumba, kila mtu akiliona. Aliamriwa kulibadilisha kwa gharama zake na kuyarudisha mabati kumi na mawili aliyoyachukua. Kampuni ililifuta jina lake katika orodha ya mafundi wake.

Mabati yalirudi kwa mkokoteni mwezi wa Februari. Christopha alikuwa ameyaezekea banda lake la nguruwe. Mawili alikwisha kuyakata katikati, na yote yalikuwa na safu mbili za matundu, safu ya zamani ya jikoni na safu mpya ya bandani. Mama Rose aliyasugua kwa majivu siku nzima, harufu isitoke yote.

Bwana Nsajigwa hakuita fundi, kwa kuwa hakuwa na fedha ya fundi. Alipanda mwenyewe. Atupele alimpitishia misumari kutoka kwenye kopo, ile ile aliyoiokota Obed, wakiinyoosha iliyopinda juu ya jiwe. Kila walipomaliza bati moja, baba aliziba matundu ya bandani kwa lami. Kisha alizungumza akiwa juu, bila kumtazama binti yake.

"Bati hili lilikuwa zima, Atupele. Upepo ulilipita, haukuligusa. Tumelitoboa sisi. Christopha ametuibia, hilo sikatai, lakini hakuvunja mlango. Nilimshikia ngazi. Mtu akishakubali kusema uongo pamoja na mwizi, huyo mwizi hamwogopi tena. Ndiyo maana aliweza kukaa sebuleni kwangu bila kukaribishwa."

"Ndiyo, baba."

"Kosa la kukufundisha uongo ni langu, na nitalilipa. Kosa la kuusema ni lako. Kuusahihisha hakuufuti, hata kama ilibidi usahihishwe. Siku nyingine mtu mzima akikuambia useme lisilokuwepo, hata akiwa mimi, mkatalie siku hiyo hiyo, kabla chakula hakijaoza. Nipe msumari."

Atupele alimpa.

Jioni mvua ilinyesha. Walikaa wote wanne jikoni, wakila ugali wa unga wa kununua, wakisikiliza. Kwa muda hapakuwa na kitu isipokuwa kishindo cha mvua juu ya bati. Kisha tone moja likaanguka karibu na mafiga, na la pili likafuata mahali pale pale.

Mama Rose alisogeza bakuli. Baba aliweka chini tonge lake, akachukua kopo la lami, akatoka kwenda kuiegemeza ngazi ukutani, akisubiri mvua ipungue. Atupele alinawa mikono, akatoka nyuma yake, akaishika ngazi kwa mikono miwili.